Bomba la Shaba

Fundi bomba yule alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona plastiki ikakaa nyumbani kwake akanyamaza. Plastiki, kwake, ni kazi ya watu wa haraka haraka. Yeye ni mtu wa shaba. Kwa hiyo mkewe alipokwenda kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, na kupumzika kwa mdogo wake mpaka bandeji itolewe, bwana mkubwa akaanza kulikodolea macho tangi la kioo la sebuleni.

Tangi lilikuwa la mkewe. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na macho yalipoingia ukungu, uzi ukawa haupiti tena kwenye tundu la sindano, alikaa kitako hasemi wala halii. Waliomwinua ni konokono. Konokono wa majini wa mapambo, wanono, wa njano na wa zambarau, aliowalea tangu wakiwa mayai. Machoni pake walikuwa madoa ya rangi tu, lakini madoa yanayotembea, naye akiyafuata kwa kidole juu ya kioo huku akiyapigia soga mchana kutwa. Siku ya kuondoka alimwambia mumewe, "Nikirudi, kitu cha kwanza nataka kuwaona hawa. Sijawahi kuwaona vizuri, ujue."

Sasa mtu ameambiwa hivyo, atakaa tu? Akaking'oa kile kijibomba cha plastiki kilichokuwa kikirudisha maji kutoka kwenye pampu, maana kilikuwa kichafu na kimepinda. Akachukua shaba, akaikata, akaikunja kwa mkono wake ikazunguka tangi zima kwa ndani, akaisugua mpaka ikang'aa. Maji yakawa yanapita humo usiku na mchana. Fundi akavuta kiti akaitazama kazi yake, roho kwatu.

Kesho yake konokono wakaanza kupanda. Mmoja alitoka majini akashika ukingo, mwingine akamfuata. Fundi akacheka.

"Mmekuja kukagua kazi?" akawauliza.

Aliogopa wasije wakadondoka sakafuni wakapasua magamba kabla bibie hajarudi. Akawachukua mmoja mmoja, taratibu, akawarudisha majini. Wakapanda tena. Akawarudisha tena, huku akiwasema kama watoto wasiotaka kulala. Mwishowe akaona hawa watamchosha bure, akaleta kipande cha kioo akafunika juu. Baadaye wakatulia. Walijikunja ndani ya magamba yao chini kabisa, naye akasema afadhali, wamezoea.

Shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, ndiye aliyemrudisha mama nyumbani, na shemeji huyo mdomo wake hauna pazia.

"Shemeji, jitengeneze kidogo," alisema mlangoni. "Leo anakuona vizuri, asije akadai talaka."

Wakacheka wote watatu. Mama alimtazama mumewe usoni, akamgusa kidevu.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema, na alikuwa na furaha tele.

Halafu akaenda kwenye tangi. Alipoinua kile kioo, harufu ikajaa sebule. Alimtoa konokono mmoja wa njano, na nyama yote ikachuruzika kutoka kwenye gamba ikaanguka majini. Akamtoa mwingine. Naye hivyo hivyo.

"Wamelala hao," fundi alisema.

"Wamekufa, mume wangu." Akaliona bomba. "Hii ni nini?"

"Shaba. Nimekutengenezea wewe."

"Shaba ni sumu kwa konokono."

Fundi akaligeukia bomba lake. Maisha yake yote amepitisha maji ya watu ndani ya shaba. Watu wanakunywa, watoto wanaogeshwa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Shemeji akaweka mkoba chini, akafungua dirisha harufu itoke.

Mama alimwonea huruma. Akaukausha mkono wake kwenye kanga, akamshika bega.

"Hukujua. Kosa langu, sikukwambia," alisema. "Kinachonishangaza ni kitu kimoja. Konokono akiona maji yana sumu hukimbia, hupanda akatoka nje. Kwa nini hawa hawakupanda?"

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, na mkono wa mkewe bado ulikuwa begani kwake. Lakini hakuwa amewahi kumdanganya mwanamke huyu alipokuwa haoni, na akaona aibu kuanza leo.

"Walipanda," alisema. "Nikawarudisha."

"Wangapi?"

"Wote. Kila walipopanda. Kisha nikawafunikia."

Mkono ukatoka begani. Mama alimtazama kidogo, halafu akainua kiganja, akaliziba lile jicho lake jipya.