Siku Mzee Sifael Alipogeuka Singasinga

Namelok binti Lemburis hakuwa mtu wa kuambiwa nyamaza akanyamaza. Walimu wa misheni walijaribu, wakachoka. Makarani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mjini Arusha, nao walijaribu, akawajibu mpaka wakamwacha kama alivyo. Kwa hiyo mwaka ule wa 1960, Bwana Perrott, mhandisi wa kampuni iliyokuwa inataka kukikodishia chama kompyuta, alipoingia ofisini na kuuliza nani angependa kujifunza kuiandikia amri, Namelok aliinuka kwenye taipureta yake kabla swali halijaisha.

"Lakini wewe ni mpiga chapa," Bwana Perrott alimwambia.

"Ndiyo, bwana. Na nimechoka kuchapa barua za watu wengine."

Bwana Perrott alicheka, akaandika jina lake. Wa pili kujitokeza alikuwa Kulwant, fundi umeme wa chama, kijana mpole mwenye kilemba cha buluu, ambaye baba yake alikuwa na gereji pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Wengine wote walitazama sakafu. Mashine yenyewe bado ilikuwa melini, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujifunza kuendesha kitu ambacho hajakiona.

Sasa, mashine ile ilikuwa bingwa wa hesabu. Ukiipa uzito wa magunia na bei ya kahawa, inakutolea jibu hujamaliza kukohoa. Kwa majina ya watu, hata hivyo, ilikuwa bubu kabisa. Haikuwa na amri ya kusema "niandikie jina la Sifael." Kumbukumbu yake ilikuwa safu ndefu ya vijumba, kila kijumba kinatosha herufi moja tu, na kila kitu ilibidi kijengwe kwa amri ndogo ndogo zilizoandikwa kwa vifupisho: chukua herufi ya kijumba hiki, iweke kwenye kijumba kile, linganisha, ruka uende kwenye amri fulani. Bwana Perrott alitaka kazi nne. Kupima urefu wa jina. Kulinakili. Kuliunganisha na jina jingine. Kulinganisha majina mawili kuona kama ni sawa. Na zote nne zienee katika nafasi finyu iliyobaki baada ya mahesabu kuchukua yake.

Hakuficha kitu. Kazi hiyo ingejaribiwa siku ya mkutano mkuu, mbele ya wanachama. Ikifaulu, Namelok na Kulwant ndio watakaoiandikia mashine amri zake zote. Ikishindwa, kampuni italeta mtu wake kutoka London, Kulwant atarudi kwenye nyaya na Namelok kwenye taipureta. Namelok alipoifikiria ile taipureta, na barua zinazoanza "Kwa heshima na taadhima" asubuhi mpaka jioni, alikifungua kitabu cha amri walichopewa na Bwana Perrott, akaanza kusoma palepale.

Walikosa mashine, wakaazima gereji. Mzee Balwant, baba yake Kulwant, alikuwa na trei kubwa za mbao zenye vijumba vya kuwekea nati na bolti, na vijumba vile vilifanana kabisa na kumbukumbu waliyoelezwa.

"Shikamoo, mzee," Namelok alimsalimia siku ya kwanza. "Tunaomba trei zako tuweke herufi."

"Marahaba, mwanangu. Chukueni." Mzee Balwant aliinua kidole chenye grisi. "Lakini hapa kwangu kuna sheria. Ukimaliza kazi, unatoa kila kitu, unafuta trei kwa kitambaa. Kazi mpya haianzi juu ya uchafu wa kazi ya jana. Mimi sitaki kukuta nati ya lori la Bedford kwenye sehemu ya Landrova."

Wakakubali. Wakakata vipande vya karatasi, wakaandika herufi, wakavipanga vijumbani. Kulwant akawa ndiye mashine. Namelok anamsomea amri, naye anatii bila kufikiri, na mkono mmoja ameufunga nyuma, kwa sababu mashine ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa kushikia herufi.

"Chukua iliyo kijumba cha kwanza."

"Nimechukua."

"Iweke kule."

"Nimeiweka."

"Haya, sasa punguza hesabu."

Hapo ndipo walipokuwa wakikwama. Amri hizo aliziandika Kulwant, na aliziandika kama kitabu kilivyofundisha. Mbele ya kila jina kulikuwa na namba ya kusema lina herufi ngapi, na kila herufi ikihamishwa, namba ile inapunguzwa. Lakini mashine yenye mkono mmoja haiwezi kushika herufi na namba pamoja. Inabidi iweke herufi, ikachukue namba, ipunguze, iirudishe, iulize kama imeisha, ndipo irudi kwenye herufi. Amri zilikuwa ndefu mno. Kazi mbili tu zilitosha kuijaza nafasi yote.

Walizikata, wakazibana, wakagombana. Siku moja Namelok alikitupa kitabu juu ya tairi.

"Lakini kwa nini tunahesabu?" aling'aka.

"Tusipohesabu, tutajuaje kuwa jina limeisha?"

"Tutaliona limeisha! Wewe Kulwant, kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuhesabu viumbe ni kuviitia balaa, baba yangu hata watoto wake hakuhesabu. Lakini hajapata kulaza ng'ombe nje. Anasimama langoni, anawatazama wakiingia mmoja mmoja. Kuna ng'ombe mmoja mzee, mvivu, ana kengele shingoni, siku zote ndiye wa mwisho. Kengele ikilia langoni, tunajua wameisha. Nani ana haja ya namba?"

Kulwant alimtazama, kisha akazitazama trei. Akanyoosha mkono kwenye kopo, akatoa washa moja ya chuma, duara lenye tundu katikati, akaiweka kwenye kijumba kinachofuata herufi ya mwisho.

"Sifuri," alisema polepole. "Hakuna jina lenye sifuri ndani yake."

"Ndiyo kengele yetu hiyo!"

Namelok aliandika upya akiwa amepiga magoti sakafuni, gauni lote vumbi la Sakina. Tazama herufi. Ikiwa ni sifuri, acha. Kama siyo, iweke upande wa pili, songa mbele, rudia. Hakuna namba, hakuna kurudi nyuma. Ilikuwa fupi kiasi kwamba alidhani amesahau kitu, akaisoma tena na tena. Walinakili jina la Sinyati, mama yake Namelok, likahamia trei ya pili bila kasoro. Wakafuta trei. Wakanakili la karani Ndesanjo. Wakafuta. La Kulwant. Wakafuta. Kazi zote nne zilienea na nafasi ikabaki. Namelok alicheza palepale katikati ya magurudumu, na Mzee Balwant akatoka chini ya gari kuja kuona kelele ni za nini.

Mashine ilifika kwa treni usiku wa kuamkia mkutano, ikafungwa kwenye ghala la chama kule Lemara. Ilikuwa na ukubwa wa meza ya karani mkuu, na kando yake ilisimama mashine ya kuchapa. Asubuhi, kabla watu hawajafika, Bwana Perrott aliwaruhusu wapitishe utepe wao wa karatasi uliotobolewa matundu ya amri, wajaribu jina moja tu. Wakajaribu NAMELOK. Mashine ikavuma, ikachapa NAMELOK. Namelok alikichana kipande kile cha karatasi, akakitia kifuani. Bwana Perrott akaizima mashine, akaiwasha tena ikiwa tupu kama ilivyotoka kiwandani.

Wanachama walijaa ghala mpaka mlangoni. Walishuka kutoka Olmotonyi na vijiji vyote vya mlimani, wazee wa Kimeru na makoti yao ya Jumapili, Waarusha na shuka zao, akina mama na vitenge. Mwenyekiti, Mzee Solomoni, alisema kwamba kwa heshima, jina la kwanza liwe la fundi Balwant, ambaye hutengeneza malori ya chama na aliyetoa gereji yake. Mashine ikavuma. BALWANT SINGH. Makofi yalitikisa bati, na Mzee Balwant akainama kama bwana harusi.

"Sasa mwanachama wetu," Mzee Solomoni alisema. "Mzee Sifael, mkulima wa kwanza kusajiliwa."

Mzee Sifael, mzee wa kanisa, mtu asiyependa utani, alisogea mbele na fimbo yake. Mashine ikavuma, ikachapa. Mzee Solomoni akavaa miwani, akasoma kwa sauti kubwa, kisha sauti ikamfia njiani.

"SIFAELT SINGH."

Ghala lilipasuka kwa kicheko. "Mzee umebadili dini lini?" mmoja alipiga kelele. "Mleteeni kilemba!" mwingine akadakia. Mzee Sifael alisimama wima, uso umemkunjamana, huku mkewe amejifunika kanga asionekane anavyocheka. Walijaribu la Philemoni, mashine ikachapa PHILEMONIINGH. Watu wakashika mbavu.

Namelok hakucheka. Aliona taipureta imemkodolea macho.

Bwana Perrott alimjia karibu. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililomuumiza Namelok zaidi. "Mmejitahidi sana," alisema. "Nitapiga simu ya maandishi London leo."

"Bado," Namelok alisema.

"Namelok, watu wanacheka."

"Waache wacheke. Mwenyekiti!" Alipaza sauti, ghala zima likageuka. "Nyama imeiva huko nje. Naomba wanachama wale kwanza. Wakimaliza kula, mashine itawataja kwa majina yao."

Mzee Solomoni alimwangalia binti huyu asiye na haya. Akaangalia moshi wa nyama. "Tukale," alisema, na hakuna aliyempinga.

Ghala lilipobaki kimya, Namelok alikaa sakafuni na ile karatasi. SIFAEL, halafu mkia wa mtu mwingine. T SINGH. Mkia huo ulikuwa wa Balwant. Jina la Sifael lilikuwa limelala juu ya jina la Balwant, na kwa sababu ni fupi, mabaki ya Balwant yakachungulia.

"Lakini gereji tulijaribu majina mengi," Kulwant alisema, karibu kulia. "Hata siku moja haikutokea hivi."

"Gereji tulikuwa tunafanya nini kila jina likiisha?"

Kulwant akafungua kinywa. "Tunafuta trei."

"Tunafuta trei! Usafi wa baba yako, Kulwant, ndio uliotudanganya. Kila jina lilikuta vijumba vitupu, tukaona limeisha kwa sababu baada yake hakuna kitu. Hata asubuhi, mashine ilikuwa tupu. Lakini yenyewe haifuti. Haina kitambaa." Alizipitia amri zake kwa kidole, mara akakisimamisha. Tazama herufi. Ikiwa ni sifuri, acha. Alikuwa anaacha mara tu anapoiona sifuri, kabla hajaihamisha. Alikuwa anafunga lango huku ng'ombe wa kengele amebaki nje, na jina jipya likaenda bila mwisho wake. "Mungu wangu. Mimi mtoto wa Lemburis, nimefunga zizi kabla hajaingia wa mwisho."

"Tuongeze amri ya kufuta vijumba?"

"Hapana. Tunageuza tu. Kwanza weka, ndipo uulize. Weka herufi upande wa pili, halafu tazama ulichoweka. Kama ni sifuri, acha. Hata kijumba kimoja hakiongezeki."

Kulwant alivuta kitobozi cha utepe. Namelok alisoma amri, yeye akatoboa, tundu baada ya tundu. Bwana Perrott alisimama nyuma yao, kikombe cha chai kimempoa mkononi. Alisoma utepe ukitoka. Alifika mahali palipogeuzwa, akanyanyua nyusi.

Wanachama walirudi wakijipangusa mafuta mdomoni, wamekaa mkao wa kucheka. Mzee Sifael aliletwa mbele tena, na safari hii alikuja kwa shingo upande. Namelok aliagiza lianze la Balwant, makusudi, ili mabaki yawepo. BALWANT SINGH. Kisha akabonyeza mwenyewe. Mashine ikavuma.

Mzee Solomoni alishika karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko herufi zilizokuwepo.

"SIFAEL," alisoma. Akageuza karatasi nyuma, kana kwamba kilemba kimejificha huko. "Sifael peke yake!"

"Naam!" Mzee Sifael aliitikia kwa sauti ya kanisani, akapiga fimbo sakafuni. "Ndiye mimi!"

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka sokoni. PHILEMONI akatoka bila mkia. EPHRAIMU akatoka. BARIKI akatoka, akainuliwa juu na wenzake kama aliyeshinda mbio. Akina mama walipiga vigelegele, Mzee Balwant alimkumbatia mwanawe mpaka kilemba kikakaa upande, na Kulwant, mpole yule, alikuwa anapiga mayowe kuliko wote. Namelok alisimama katikati ya yote hayo, machozi yanamtiririka, anacheka. Alifurahi mpaka kifua kilimuuma.

"Bwana Perrott," Mzee Solomoni aliuliza, "yule mtu wa London ameshafunga mizigo?"

"Nitamwambia aifungue," Bwana Perrott alijibu. "Hawa wawili wanaanza kazi Jumatatu."

Kila mwanachama sasa alitaka karatasi yenye jina lake, wakapanga mstari uliotoka nje ya ghala na kuzunguka chungu cha nyama. Bwana Perrott alipenya mpaka mbele, akajikohoza.

"Namelok, naomba nakala ya utepe wako. Nataka kuupeleka London. Wao huko bado wanahesabu."

Namelok alikuwa anatazama karatasi ikitoka, hakugeuza hata kichwa.

"Panga mstari, bwana," alisema. "Yule mama wa kanga nyekundu, mke wa Mzee Sifael, ndiye wa mwisho. Simama nyuma yake."

Na Bwana Perrott, mbele ya wakulima wote wa Mlima Meru, akaenda akasimama nyuma yake.