Kalamu Saba za Mama Fomu

Saa nne asubuhi, wenzake waliposhuka kunywa chai, karani wa mafao wa kiwanda cha mablanketi alifunga mlango wa ofisi akapanga kalamu saba mezani: tatu za bluu, tatu nyeusi, na moja ya kijani iliyokuwa ikivuja. Watu walimwita Mama Fomu, maana pale hakuna aliyeajiriwa, aliyeugua wala aliyezikwa bila fomu kupita mkononi mwake. Siku hiyo alikuwa na fomu sitini na tatu za kusaini, na hata moja haikuwa yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sheria ilitaka kila mfanyakazi aliye kwenye mfuko wa pensheni wa kiwanda aitwe, akae kitako, asomewe kanuni kwa lugha anayoielewa, ndipo asaini kwamba ameelezwa. Mama Fomu aliomba saa mbili za kikao. Meneja akasema mashine hazisimami kwa ajili ya masomo ya watu wazima. Akaomba tena, akajibiwa vile vile. Na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake.

"Wewe si una mkono mzuri?" meneja alimwambia. "Basi malizia."

Akamalizia. Kwa fundi umeme aliweka saini ya mviringo kama koili. Kwa mchochea boila aliweka mikwaruzo, utadhani kuku kapita kwenye majivu. Kwa mlinzi alisaini kwa mkono wa kushoto. Alipofika kwa msokota nyuzi, mama aliyeitwa Bi Pamba kwa kuwa hakutoka kazini hata siku moja bila nyuzinyuzi kwenye kope, alitua kalamu kidogo. Huyu ndiye aliyempokea kiwandani miaka ishirini na miwili nyuma, akamgawia nusu ya chakula chake mpaka mshahara wa kwanza ulipotoka. Akampa saini nzuri kuliko zote, yenye mkia mrefu. Kwa heshima.

Mkaguzi alikuja, akapekua, akasifu, akaondoka.

Ijumaa Mama Fomu alikwenda benki. Akasaini karatasi, ikatoka mikwaruzo ya kuku.

"Mama, hii ni ya mchochea boila," kijana wa dirishani alisema.

"Naiona."

"Hebu jaribu tena."

Ikatoka ya mlinzi.

"Basi weka dole gumba tu. Wiki iliyopita alikuja mwenyekiti wa ushirika, yeye zinamtoka za wanachama mia mbili. Foleni ilifika barabarani."

Mama Fomu akapaka kidole wino, akapewa pesa zake, akaenda zake.

Alisaini karatasi ya shule ya mjukuu wake. Mwalimu akairudisha na maneno mawili matatu pembeni: tunashukuru, lakini fundi umeme si mlezi wa mtoto huyu. Bintiye aliisoma akiwa amesimama jikoni.

"Mama, huko kazini umefanya nini?"

"Kazi."

Tangu siku hiyo binti akawa anasaini mwenyewe karatasi za shule. Mama Fomu alikuwa akipita karakana ya nyuzi huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sindano.

Kisha kifua cha Bi Pamba kikaharibika, akaachishwa kazi. Miezi minane baada ya hapo alipanda ngazi za ofisi, akipumzika kila baada ya ngazi tatu.

"Hodi, mdogo wangu."

"Karibu, dada. Pole na kifua."

"Kifua siku hizi kinasokota chenyewe, hakingoji umeme." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Jirani kaniambia mtu aliyeugulia kazini ana mafao yake ya kila mwezi. Mbona mimi sikuambiwa?"

Mama Fomu akafungua jalada. Alijua kilichomo, lakini alilifungua.

"Kanuni inasema madai yaletwe ndani ya miezi sita tangu siku ya kuachishwa. Ikipita, basi. Na hapa pameandikwa ulielezwa."

Bi Pamba akaishika karatasi mbali na macho.

"Hii ndiyo saini yangu?"

"Ndiyo iliyopo."

"Nzuri. Yangu haina mkia. Mimi naandika herufi tatu tu, mkono umechoka." Akairudisha mezani taratibu. "Kitendawili."

"Tega."

"Sikwenda, nimefika. Sikuulizwa, nimekubali."

Jibu lilikuwa mezani, katikati yao.

"Sijui, dada. Nakupa mji."

"Mji siutaki. Nitautembea vipi na kifua hiki? Baki nao."

Akajifunga kanga vizuri, akashuka. Juu ya benchi alilokuwa amekalia zilibaki nyuzi chache za pamba, na Mama Fomu hakuzipangusa.

Alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni yake mwenyewe. Hata hivyo aliandika barua kwa mamlaka inayosimamia mifuko: Mimi karani ndiye niliyesaini fomu za watu sitini na tatu. Bi Pamba hakuelezwa. Mpeni haki yake, mimi nifanyeni mtakavyo.

Akaweka saini. Ikatoka ya fundi umeme. Akachana, akaandika upya, ikatoka ya mlinzi. Akajaribu dole gumba, nalo safari hii likatoka la mchochea boila, lenye kovu la moto. Akajaribu kalamu zote saba, na ile ya kijani ikatoa saini yenye mkia mrefu, nzuri kuliko zote. Hakuna nyingine iliyotoka baada ya hiyo. Akaipeleka barua mwenyewe kwa mamlaka, akaanza kueleza dirishani kwa mdomo.

"Mama, hapa hatupokei maneno," ofisa alisema. "Tunapokea saini."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Bi Pamba, tumeipata barua yako ambayo ndani yake unajiita karani. Tumelinganisha saini yako na ile ya kwenye fomu, na zinafanana kabisa. Hivyo imethibitika kwamba ulielezwa na ukakubali. Jalada limefungwa.

Nakala ilikwenda kwa meneja, naye akamzawadia Mama Fomu feni ya mezani.

Jumapili Mama Fomu alikwenda kwa Bi Pamba na barua ile, akamsomea yote, bila kuruka neno, na jibu la kitendawili akampa: saini. Bi Pamba alisikiliza huku amelalia mito mitatu.

"Si nilijua unalijua," akasema. "Haya, nisomee na hizo kanuni zenyewe. Sijawahi kuzisikia."

Mama Fomu akazitoa mkobani. Akasoma saa mbili nzima, kwa maneno mepesi, akirudia pale mwenzake alipokohoa. Walipofika mwisho Bi Pamba aliomba kalamu. Akaandika herufi tatu, zisizo na mkia, na tarehe ya siku ile.

Jumatatu Mama Fomu aliitia fomu hiyo jaladani, nyuma ya ile nzuri. Mezani alikuta fomu kumi na tisa za wafanyakazi wapya, na kikaratasi cha meneja: mkaguzi Jumatano. Akapiga simu chini karakanani kuomba saa mbili za kikao. Kwenye simu hakusikia mtu, alisikia mashine tu, zikisokota.