Bunduki Tatu za Orrin Thibault

Lucille Thibault alikuwa nesi kwa miaka thelathini, na wapo majeruhi wa risasi ambao hakuwasahau. Ndiyo maana Machi ile, mji wetu mdogo katika jimbo la Vermont, Marekani, ulipokutana kupiga kura, alisimama akaomba tuunge mkono sheria ya kila mwenye bunduki kuifungia kabatini kwa kufuli.

Aliyempinga alikuwa mdogo wake, Orrin, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisema polisi wa karibu yuko mwendo wa dakika arobaini, na mnyama akivamia zizi hangojei mtu atafute ufunguo. Kisha akaongeza kwamba dada yake tangu utotoni anapenda kuwafungia watu vitu vyao. Ukumbi mzima ulicheka. Lucille aliketi, uso umemwiva. Pendekezo lilianguka kwa tofauti ya kura kumi na moja, na ndugu hao wakaacha kusemezana.

Septemba Orrin aliuza ng'ombe wake wote. Mkewe alishafariki. Sisi majirani tulimpelekea mikate ya tufaha, tukadhani tumemaliza wajibu.

Jumapili moja asubuhi Lucille alikuwa akimenya viazi alipomwona Orrin akiingia na blanketi mikononi. Aliliweka mezani, akalifungua. Bunduki tatu.

"Nitunzie," alisema.

"Umekuja kunifanyia mzaha?"

"Ningetaka mzaha ningekuja na watu wa kucheka." Akavua kofia. "Jana nilikaa zizini na hiyo fupi mapajani. Nilikaa sana, dada."

Lucille aliweka kisu chini. Maneno yote aliyomwekea tangu Machi aliyaacha kando. Akamuuliza kinesi, bila kuzunguka.

"Ulitaka kujiua?"

"Nilitaka."

"Na leo?"

"Leo nimekuja kwako."

Lucille alizifungia bunduki, akampeleka kwa daktari siku ileile, akamwandalia chumba cha nyuma. Orrin alikaa huko majira yote ya baridi akilalamikia supu ya dada yake. Novemba ya mwaka uleule, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, aliomba bunduki ile ndefu. Lucille alimuuliza swali lilelile, naye akasema mawazo hayo yamepungua.

"Kupungua si kwisha," Lucille alimjibu. "Mwaka huu huwindi."

Orrin aliubamiza mlango akatoka. Wakati wa chakula cha jioni alirudi.

Machi iliyofuata pendekezo lilirudishwa. Wengi wetu tulidhani Orrin amebadilika. Alipiga kura ya hapana. Njiani kurudi nyumbani alimweleza dada yake kwamba bunduki alizileta mwenyewe, kwa hiari yake, na hakuna sheria iliyomsukuma.

"Na wasio na dada?" Lucille aliuliza.

Orrin aliendesha gari hadi nyumbani. Pendekezo lilikuwa limeanguka tena, safari hii kwa kura mbili.

Vuli ya mwaka ule daktari aliridhika, na Lucille akaridhika baada ya daktari. Alimrudishia ile ndefu kwa sharti kwamba watakwenda pamoja, na risasi atazibeba yeye Lucille. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, hajawahi kuwinda, alikaa msituni amevaa koti la rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wamwone, akinong'ona kwamba miguu imekufa ganzi.

"Nyamaza, dada," Orrin alinong'ona.

Kulungu dume alitokeza kati ya miti. Orrin alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, na Lucille akaweka risasi moja.