Donge Lililofunikwa

"Someni tena," mwalimu alisema, na darasa zima la watu wazima likasoma kwa pamoja sentensi ile ya riwaya kongwe ya wachimba mfereji: njaa yao ilikuwa donge la unga lililofunikwa kitambaa, likaumuka bila mtu kuligusa.

"Sasa andikeni. Donge ni hasira ya waliodhulumiwa. Litazidi kuumuka mpaka lifurike. Mtihani haukosi swali hili."

Kalamu zikakimbia. Ya Mama Hamira haikusogea. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha mikate, unga ungali viwikoni, na miaka kumi na tisa ya kukanda haikumruhusu kuandika uongo mchana kweupe.

"Samahani, mwalimu. Donge halifanyi hivyo."

"Tunasoma fasihi, mama, si mapishi," alidakia fundi saa aliyeketi nyuma. Watu wakacheka.

"Nyamaza wewe, mkate wenyewe hujui kuukata." Akamgeukia mwalimu. "Donge huumuka, kweli. Lakini ukilisahau halifuriki, mwanangu. Linachachuka, linashuka, na hata ukilitia tanurini halinyanyuki tena. Hao wachimbaji walingoja miaka mingapi?"

Mwalimu alipekua kitabu. "Saba."

"Na mwishoni wanafanya nini?"

Hapo hakuhitaji kupekua. "Wanagombania makombo wao kwa wao."

"Basi."

Mwalimu aliyatazama maelezo yake ya tangu chuoni, akayafuta kwa mstari mmoja. Darasa likapiga makofi, fundi saa akiwa wa kwanza. Mama Hamira peke yake hakufurahi, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemgeukia. Wenzake kazini walikuwa wamemtuma kwa bosi, akaombe mikate inayovunjika wagawane wapeleke nyumbani, badala ya kuku wa bosi kulishwa mikate hiyo. Walimtuma tangu kabla ya mvua zilizopita. Kila siku alisema kesho. Aliogopa kufukuzwa, huo ndio ukweli. Na juzi tu wanawake wawili, mashoga wa chanda na pete, walishikana mashati kwa ajili ya nusu mkate uliodondoka sakafuni.

Asubuhi alikanda kama kawaida. Akafunika, akangoja, akafunua, kisha akalibonyeza donge kwa kidole. Ndivyo alivyopima siku zote: shimo likijaa tena polepole, wakati umefika, lisipojaa, umechelewa.

Hakungoja kuona. Alinawa mikono mpaka viwikoni.

"Niangalieni hilo donge," aliwaambia wenzake.

"Unaenda wapi?"

Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa bosi. Akabisha hodi, na sauti ikamwambia aingie. Nyuma yake wanawake wote waliinama juu ya meza, wakilitazama shimo la kidole chake.