Mstari Mmoja

Jana nililala na wasiwasi wangu, nikaota nimeketi kwenye benchi la zahanati na majirani watatu. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka machimboni, alikokaa miezi minane akihangaika baada ya kiwanda cha magodoro kufungwa. Wiki nzima nilishindwa kumwambia twende tukapime. Niliogopa atanitolea macho.

Ukutani kuna chati ya mistari miwili. Mweusi umeandikwa Hali Ngumu, mwekundu Kaswende. Mweusi ukipanda, mwekundu nao unapanda.

"Kwani mnafuatana kila mahali?" nauliza.

"Aendako nipo," anajibu Kaswende, anashuka ukutani na kujinyoosha. "Mtaa uliofungiwa kiwanda, kati ya wanne namchukua mmoja. Hapo mko wangapi?"

Tunahesabiana. Wanne. Majirani wananitazama kwa heshima kubwa, kama bibi harusi.

"Mmoja yupi?"

"Hilo takwimu hazisemi. Ila kwako hata unga hamna, nimeona nianzie hapo."

Hasira zikanipanda. "Nani kakutuma unipime kwa sufuria? Mimi nina kidole cha kupimwa!"

Hapohapo zahanati inakuwa kiwanda chetu. Nesi Anifa wa zahanati amekaa kwenye mashine ya kushonea magodoro. "Mtu hapimwi nusu, dada. Mwenzako yuko wapi?"

Mume wangu anatokea amelala juu ya godoro, linaletwa na mkanda wa mashine.

"Baba Zuhura, tupime."

Kumbe ni rahisi hivyo.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe," anajibu, ananyoosha kidole. "Mimi naona haya."

Nesi anatuchoma. "Mistari miwili, ugonjwa upo. Mmoja, haupo."

Hali Ngumu, ule mstari mweusi, anaingia kwenye kipimo changu, kisha cha mume wangu, anajilaza humo kama mwenye nyumba. Kaswende anasukuma kwa bega, haingii.

"Waambie basi waniachie nafasi," anamlalamikia mwenzake.

"Hawa nawajua," anajibu Hali Ngumu. "Kwao nilikuja peke yangu."

Sijawahi kumpenda Hali Ngumu kama wakati ule.

Nikaamka jua limeshatoka, mwili mwepesi. Mume wangu amekaa kitandani, anakitazama kidole chake. Kimebandikwa kipande cha pamba. Changu nacho vilevile.

Hakuuliza tulikwenda wapi. Aliniuliza taratibu:

"Mama Zuhura, mstari wangu ulikuwa mmoja?"

"Mmoja," nikamwambia.

Akajifunika uso kwa viganja, akashusha pumzi ya miezi minane.