Mkalimani wa Akaunti ya Waisiko

"Kwenye akaunti ya bibi mimi ndiye mlinzi," Simoni aliwatambia wenzake kijiweni Robanda. "Hata mia haipotei."

Mlinzi kweli, wa aina ile ya fisi aliyeachiwa bucha.

Bibi yake, Waisiko, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na nje ya Kiikoma, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Hela ya ng'ombe wake na kifuta machozi cha serikali kwa mahindi yaliyoliwa na tembo vililala benki. Kadi na namba ya siri vililala mfukoni mwa mjukuu. Kila Jumamosi mjukuu alichota, akaweka mikeka ya kubeti, timu zikaichana. Bibi akiuliza salio, Simoni humpa simu, tena kaigeuza chini juu. "Si hiyo hapo, bibi. Soma." Alipokihadithia, kijiwe kizima kikashika mbavu.

Madaktari wa macho walipokuja wilayani kwa wiki moja, Waisiko akajifunga kanga, akataka hela ya upasuaji. "Safari hii nataka kusikia kwa wakala wa benki mwenyewe."

Simoni hakubisha. Scholastica, wakala, alikuwa Mkurya wa Nyanungu; Kiikoma angekijulia wapi?

Dirishani Scholastica akapitisha kadi, akasoma kikaratasi. "Mwambie imebaki elfu moja na mia mbili. Na mwambie hela yote umeitoa wewe, ukisema yeye kapooza, hawezi kuinuka. Mbona anatembea?"

Simoni akamgeukia bibi, uso mkavu, akaingia kwenye Kiikoma. "Anasema makato ya benki yamekula yote. Anasema macho ya kizee hayatibiki, watakutoboa bure. Bora uzoee giza."

Waisiko akageukia dirishani. "Mwambie asante kwa kunitunzia."

"Anasema asante, dada Schola. Anasema yeye ndiye aliyenituma siku zote. Kasahau tu, uzee huo."

Scholastica akaiweka kadi kiganjani mwa bibi. Akamwamkia upya, kwa Kiikoma cha mama yake mzazi, binti wa Robanda hii hii. Kisha akaanza kumweleza, neno kwa neno, alichosema yeye na alichotafsiri mjukuu.

Simoni akapiga hatua ya kwanza kuelekea barabarani. Ya pili haikuwepo. Mkono wa Waisiko ulikuwa umepapasa hewani, ukaikamata kola yake.