Mfalme Atangulie

Mkunga alipojiunga na darasa la sataranji, wanawe walidhani kustaafu kumemchosha. Hakuwaeleza kitu. Mumewe, dereva wa treni wa zamani, alikuwa anasahau: ilianza miwani, yakaja majina ya wajukuu, na sasa hata mlango wa bafuni humpotea. Lakini ukimwekea ubao wa sataranji, mikono yake hupanga kete zote bila kukosea. Hajapata wa kucheza naye. Mkunga akajisemea, kama mume wangu amebaki huko, basi nitamfuata huko huko.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la fundi saa. Mkunga alihangaika. Akishika mwendo wa farasi, wa malkia unamponyoka. Siku moja akachukua mkoba wake, aage.

"Keti kwanza, mama," fundi saa akamwambia. Akaondoa kete karibu zote, akabakiza wafalme wawili na askari mmoja.

"Lo! Mchezo umegeuka msiba," alisema muuza nyama, mwanafunzi mwenziwe. "Ukoo mzima umeteketea!"

Mkunga akacheka, akakaa.

"Askari wako akifika mwisho wa ubao anakuwa malkia," fundi alisema. "Haya, mfikishe."

Mkunga akamkimbiza. Mfalme wa fundi akaja akamzibia njia, habanduki. Sare. Wakarudia, sare tena.

"Unamtuma mtoto peke yake," fundi alisema. "Mfalme atangulie, askari afuate. Na wafalme wakitazamana, katikati mraba mmoja mtupu, mwenye zamu ndiye atakayempisha mwenziwe. Wewe fanya zamu iwe yangu."

"Yaani nisisukume mpaka wakati ufike?"

"Hasa."

"Mbona hukusema mapema! Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote."

Muuza nyama alicheka mpaka akajipigapiga paja.

Kesho yake alasiri, mkunga alipanga kete hizo tatu kwenye meza ya jikoni. Mumewe akavuta kiti bila kuambiwa. Wakaanza kucheza. Mfalme wake mkunga alitangulia vizuri, lakini mkunga alipokaribia kushinda, roho ikamruka, mkono ukaenda kwa askari.

Mzee akaudaka. Kiganja chake kilikuwa na joto.

"Bado," alisema. "Mfalme kwanza."

Zilikuwa siku nyingi hajamsikia akitoa sentensi iliyonyooka namna ile. Mkunga akasogeza mfalme. Wafalme wakatazamana, zamu ikawa ya mzee. Akaukagua ubao, akatabasamu.

"Umenibana!" Akasogea pembeni kumpisha, na baada ya muda askari akawa malkia.

"Umecheza vizuri, mama," alisema, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni. "Una mume?"

"Ninaye," mkunga akajibu.

"Anacheza?"

"Ananishinda kwa mbali."

"Basi mlete siku moja, tupambane."

Machozi yalimlenga, na kicheko kikamjia papo hapo, hata hakujua kipi akizuie. Akamrekebishia mzee kola ya shati, naye hakumzuia.

"Nitamleta," alisema. "Ila ujiandae, hana huruma."

"Hata mimi sina," mzee akajibu, huku akirudisha wafalme mahali pao. "Haya, zamu yangu kuwa na askari."